Jiwe si freni: kubadilisha garnitire za freni ya mkono hapa hapa kijijini



Katika gazeti letu tumezoea kuongea juu ya mbegu, mistari ya kupandia, kukausha mpunga na kupigana na wadudu wa depo. Leo tunaongea juu ya freni ya mkono ya motokari. Najua kuko mtu atauliza: agronome anatafuta nini chini ya motokari? Jibu ni fupi. Mpunga bado si mavuno kama haujafika depo, na mafuta ya mawese bado si pesa kama hayajafika sokoni. Kati ya shamba na soko kuko barabara, na barabara zetu tunazijua: milima midogo, mito isiyo na daraja nzuri, udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni mvua ikinyesha. Koperative zenye bahati ya kuwa na pickup moja zinapakia kila kitu juu yake. Pickup ile ikikosa freni ya mkono, mali ya familia nyingi inasimama juu ya jiwe moja.

Nasema "jiwe" makusudi. Karibu kila fasi ninapopita, Lusangi, Kabambare, Kasongo, naona desturi ile ile. Shoferi anasimama, anaacha motokari ndani ya vitesi ya kwanza, konvoyeri anaruka chini na kutafuta jiwe. Jiwe linawekwa nyuma ya gurudumu. Kisha watu wanaanza kupakia, na watoto wanakuja kutazama. Ukiuliza freni ya mkono, watu wanacheka.

"Agronome, hii motokari haikamatake tangu mwaka jana," shoferi mmoja aliniambia. "Tunaweka paka jiwe."

"Na jiwe likiteleza, baba?"

"Basi, Mungu atasaidia."

Mungu anasaidia, lakini ametupa pia mikono na kle ya kufungulia mabulo. Kubadilisha garnitire za freni ya mkono ni kazi ambayo shoferi mwangalifu na msaidizi mmoja wanaweza kuifanya nyumbani kwa siku moja, bila garaje kubwa. Katika habari hii tunaeleza namna ya kuifanya, na pia fasi ile lazima usimame na kumwita mekanisye.

Juu ya nini jiwe halitoshi

Tupige hesabu kidogo, kama tunavyofanya kwa mbolea. Chukua pickup ya kilo 2000 ikiwa tupu. Ongeza magunia 10 ya mpunga ya kilo 100. Sasa ni kilo 3000. Iweke kwenye mteremko mdogo tu, ule unaopanda metre 1 kila ukitembea metre 10. Uzito unaoivuta motokari kwenda chini ni karibu kilo 300. Ni sawa na magunia 3 yanayosukuma lile jiwe bila kupumzika. Na kila gunia jipya linaloongezwa linasukuma zaidi, na kila mtu anayeruka juu ya karoseri anaitikisa.

Vitesi ya kwanza inasaidia, lakini si sana. Ikiwa motere imechoka na haina nguvu ya kubana, magurudumu yanaizungusha polepole, kidogo kidogo, mpaka motokari inaondoka.

Wakati wa mavuno yaliyopita nilikuwa kwenye depo moja upande wa Lusangi wakati pickup ilipanda juu ya jiwe lake. Haikukimbia. Ilianza pole, kama ng'ombe anayeamka. Shoferi alikuwa ndani ya depo anatia sahihi kwenye kaye. Mama mmoja alipiga kelele, vijana wawili wakajaribu kuisukuma kwa mabega, na hapo ndipo ingeweza kuwaua. Iliteremka metre labda 20, ikapiga mti wa ngazi na kusimama. Magunia manne yalipasuka. Dakika chache mbele, watoto walikuwa wanacheza pale pale chini ya ule mti. Hakuna mtu aliyeumia siku ile, na hiyo haitoki kwa akili ya mtu yeyote.

Jiwe liko na ubaya mwingine ambao watu hawafikirii. Shoferi akiondoka, mara nyingi analiacha katikati ya barabara. Usiku anakuja mtu wa kinga na bidoni zake za mafuta, ama mtu wa moto mwenye taa dhaifu, naye anagonga lile jiwe. Anayeumia ni mtu ambaye hata hakupanda ile motokari.

Freni ya mkono inafanya kazi namna gani

Kuko aina mbili ambazo tunakutana nazo zaidi.

Aina ya kwanza ni ile ya pickup nyingi, kwa mfano Toyota Hilux. Magurudumu ya nyuma yako na tambure, yaani sufuria ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Ndani ya tambure mko vipande viwili vya chuma vilivyopindwa kama mwezi mchanga, na juu ya kila kimoja kimebandikwa kitambaa kigumu cha freni. Hizo ndizo garnitire. Ukikanyaga freni ya mguu, mafuta ya freni yanasukuma silinda ndogo, na silinda inafungua garnitire zikamate tambure. Ukivuta freni ya mkono, kable inavuta levye ndogo, nayo inafungua garnitire zile zile. Kwa hiyo garnitire ni moja, lakini mabwana ni wawili: mguu na mkono.

Aina ya pili ni ya motokari zenye diske nyuma, kama Land Cruiser nyingi za miaka ya karibuni. Hapo freni ya mguu inabana diske kwa plakete, lakini katikati ya ile diske kuko tambure ndogo yenye garnitire zake ndogo. Hizo ni za freni ya mkono peke yake. Garnitire hizi zinapaswa kudumu sana, maana zinafanya kazi motokari ikiwa imesimama. Ukiona zimekwisha mapema, jua kuko mtu anaendesha na freni ya mkono ikiwa imevutwa.

Shika neno moja hapa, maana mashoferi wengi hawalijui. Kwa baadhi ya pickup za Toyota zenye tambure, hasa za zamani, kuvuta freni ya mkono njo kunazungusha kile kigurudumu cha meno kinachozisogeza garnitire karibu na tambure kadiri zinavyoisha. Shoferi asipoivuta hata siku moja, garnitire zinabaki mbali, na pedali ya mguu inaanza kushuka chini sana. Kumbe yule anayesema "mimi natumia paka freni ya mguu" anaiua na hiyo ya mguu polepole.

Juu ya nini inakufa haraka huku kwetu

Sababu ni tano, na nyingi zinatokana na barabara zetu.

Ya kwanza ni mayi na matope. Motokari inapita ndani ya mto, matope yanaingia ndani ya tambure, yanakauka na kusaga garnitire kama msasa.

Ya pili ni kutu ya kable. Ganda la nje la kable likipasuka, mayi yanaingia, waya unashikamana. Unavuta mkono, kable haiendi. Ama inaenda na hairudi, na garnitire zinabaki zimekamata mpaka zinaungua.

Ya tatu ni kusahau. Shoferi anaondoka na freni ikiwa imevutwa kidogo. Ukisikia harufu ya kuungua nyuma, simama.

Ya nne ni mafuta. Jointi ya ponti ya nyuma ikichoka, mafuta ya ponti yanaingia ndani ya tambure. Ama silinda ndogo inavuja mafuta ya freni. Garnitire iliyonywa mafuta haishiki tena, hata ukiiosha na kuikausha juani.

Ya tano ni matengenezo ya uongo. Freni inalegea, mtu anakaza kable tu pale chini ya mkono. Siku mbili inashika, kisha inalegea tena, anakaza tena, mpaka bulo ya kukazia inakwisha. Ugonjwa uko ndani ya tambure, yeye anatibu kable. Ni sawa na kunyunyiza dawa juu ya majani wakati mzizi umeoza.

Kununua: beba kipande cha zamani

Garnitire haziuzwi kila fasi. Mara nyingi zinaagizwa Kindu, Bukavu ama Kalemie, na zinafika kwa moto baada ya siku nyingi. Ukiagiza vibaya umepoteza juma mbili. Kwa hiyo andika aina ya motokari, mwaka wake na namba ya shasi. Ikiwezekana fungua kwanza, pima upana na urefu wa garnitire ya zamani, piga picha na telefone yenye kijiti cha kupimia kando yake, na utume picha ile.

Nunua za magurudumu mawili, ya kushoto na ya kuume. Usibadilishe upande mmoja peke yake, maana motokari itavutwa upande ukikanyaga freni. Agiza pia kifurushi cha resori ndogo kama kinapatikana. Resori iliyoungua na moto hairudi vizuri.

Tumeona watu wanabandika kipande cha mpira wa gurudumu ama ngozi juu ya chuma cha zamani. Usifanye hivyo. Mpira unayeyuka na moto wa freni, unaachia, unajipinda ndani ya tambure, na gurudumu linaweza kujifunga ukiwa njiani. Kupiga riveti kitambaa kipya cha freni juu ya chuma kizima ni jambo lingine, lakini ni kazi ya fundi mwenye vyombo vyake.

Vyombo na fasi

Unahitaji: kriki nzuri, kle ya mabulo ya gurudumu, turnevisi mbili, pensi, nyundo, kipande cha mbao cha kupigia, bulo mbili za milimetre 8, grese kidogo ya kuvumilia moto, ndoo ya mayi na sabuni, brosi, vitambaa safi, na gunia safi la kupangia vipande. Tafuta pia vipande viwili vya mti mgumu, vyenye uso tambarare, vya kuweka chini ya ponti. Usitumie matofali, tofali linapasuka ghafla bila kukuonya.

Chagua fasi tambarare na ngumu. Si chini ya mteremko, si kwenye mchanga. Hapa kuko hatari ambayo inadanganya watu: ili kutoa tambure, lazima uachilie freni ya mkono, na magurudumu ya nyuma yatakuwa hewani. Kwa hiyo kinachoishika motokari ni magurudumu ya mbele peke yake. Yafunge yote mawili kwa kale, mbele na nyuma. Toa watoto mahali hapo kabisa. Mtu asibaki ndani ya motokari.

Kazi yenyewe

Maelezo haya ni ya aina ya tambure, kama ya Hilux.

1. Legeza mabulo ya gurudumu kidogo motokari ikiwa bado chini. Kisha inua kwa kriki chini ya ponti, weka mti mgumu, na uishushe ikae juu ya mti. Kriki ni ya kuinua. Haijafanywa kwa kushikilia uzito wakati mtu yuko chini.

2. Toa gurudumu. Ulilaze chini ya motokari, kando ya ponti. Mti ukiteleza, gurudumu litapokea uzito mbele ya mwili wako.

3. Achilia freni ya mkono na kuvuta tambure. Ikikataa, tazama uso wake: tambure nyingi za Toyota ziko na matundu mawili yenye mistari ya bulo. Ingiza zile bulo mbili za milimetre 8, uzikaze kwa zamu, robo mzunguko kila moja. Tambure itasukumwa nje. Ikikataa bado, nyuma ya sahani kuko tundu lenye kifuniko cha mpira. Ingiza turnevisi na ulegeze kigurudumu cha meno ili garnitire zirudi ndani.

4. Tambure ikitoka, mtu yeyote asikanyage pedali ya freni. Pistoni za silinda ndogo zitaruka nje, mafuta yatamwagika, na kazi ya siku moja itakuwa ya siku tatu.

5. Osha vumbi. Usipulize kwa mdomo, usitumie upepo wa pompi. Garnitire nyingi za zamani zilitengenezwa na amianti, na vumbi lake linaleta kansa ya mapafu na ya ngozi nyembamba inayoyazunguka. Umoja wa Ulaya uliikataza tangu 2005, lakini vipande vinavyofika kwenye masoko yetu haviandikwi kila mara vimefanywa na nini, na kwa macho huwezi kujua. Kwa hiyo lowesha kwa mayi ya sabuni, piga brosi ikiwa majimaji, funga kitambaa puani, na mayi yale yamwage ndani ya shimo na kulifukia, mbali na kisima na mbali na bustani. Ni ile ile tabia tunayoifundisha kwa dawa za wadudu.

6. Fungua upande mmoja tu kwanza. Upande wa pili uache mzima, uwe kitabu chako. Piga picha kabla ya kugusa resori hata moja. Toa resori na kuzipanga juu ya gunia kwa namna ile ile zilivyokaa: ya juu juu, ya chini chini. Resori zinaruka kwa nguvu, linda macho.

7. Pima. Kitambaa cha garnitire kikibaki chini ya milimetre 1, kimekwisha. Lakini usingoje kifike hapo ikiwa duka la karibu liko safari ya siku tatu. Kikiwa kimepasuka, kimeungua na kung'aa kama kioo, ama kimenywa mafuta, badilisha hata kama bado ni kinene.

8. Tazama tambure ndani. Mara nyingi kuko maandishi MAX na namba ya milimetre: ni upana wa mwisho wa ndani. Ikipita hapo, ama ikiwa na ufa, tambure hiyo imekufa. Kisha inua polepole ukingo wa mpira wa silinda ndogo. Ukiona mafuta, silinda inavuja. Kuweka garnitire mpya juu ya silinda inayovuja ni kutupa pesa ya koperative mtoni.

9. Linganisha kipya na cha zamani juu ya gunia: urefu, matundu, kupindika. Hamisha ile levye ndogo ya freni ya mkono kutoka garnitire ya zamani kwenda ile mpya. Watu wengi wanaisahau na kushangaa kable haina fasi ya kushika.

10. Safisha kigurudumu cha meno mpaka kizunguke kwa vidole, paka grese kidogo sana kwenye mistari yake. Usichanganye cha kushoto na cha kuume. Mistari yao inazunguka kinyume. Paka grese nyembamba pia pale ambapo chuma cha garnitire kinagusa sahani. Kwenye kitambaa cha garnitire na ndani ya tambure, grese ni adui.

11. Rudisha kila kitu, resori kwa resori, ukitazama picha na upande wa pili. Rudisha tambure. Kisha tu nenda upande wa pili.

Kama motokari yako iko na diske nyuma, utatakiwa kwanza kufungua kile kinachoshika plakete na kukifunga kwa kamba juu ya resori kubwa, kisining'inie kwa bomba lake la mpira. Kisha unatoa diske, na garnitire ndogo ziko nyuma yake. Mengine yanafanana.

Kurekebisha: gurudumu kwanza, kable mwisho

Fuata mpango huu, usiugeuze. Kwanza hakikisha kable imelegea na mkono wa freni uko chini kabisa. Zungusha kigurudumu cha meno kupitia lile tundu la nyuma mpaka tambure isizunguke tena kwa mkono. Kisha rudisha meno machache, mpaka izunguke bila kukwaruza sana. Kwa zile garnitire ndogo za ndani ya diske, vitabu vingi vya Toyota vinasema kurudisha meno 8. Fanya sawa sawa pande zote mbili.

Sasa, magurudumu yakiwa bado hewani na tambure zote mbili zimerudi, kanyaga pedali ya mguu mara kadhaa, na kuvuta freni ya mkono mara kadhaa. Hapo tu njo unagusa kable. Ikaze mpaka mkono ukivutwa ushike baada ya kulia "tek" kati ya 5 na 9. Kwa Toyota nyingi ni hapo, lakini kitabu cha motokari yako njo kinaamua. Ukiachilia mkono, magurudumu yote mawili yazunguke huru. Kama moja linashika na lingine halishiki, kable ya upande mmoja imeshikamana na kutu. Kuikaza zaidi hakutasaidia, inatakiwa kubadilishwa.

Jaribu kwa daraja. Kwanza fasi tambarare, mwendo wa mtu anayetembea, vuta mkono: motokari isimame bila kupinda. Kisha mteremko mdogo, motokari tupu. Kisha ule ule mteremko, ikiwa na mzigo. Msaidizi mwenye kale asimame kando ya gurudumu, si nyuma ya motokari. Baada ya kilometre 50 hivi, kaza tena mabulo ya magurudumu, na urekebishe tena garnitire. Mpya zinajikalisha na kulegea kidogo.

Kazi ambayo si ya nyumbani

Mwite mekanisye ukiona silinda inavuja, tambure imepasuka, mafuta ya ponti yanatoka, ama pedali ya mguu imekuwa laini kama sponji baada ya kazi. Pedali laini maana yake hewa imeingia ndani ya mafuta ya freni. Motokari hiyo isipakie hata gunia moja, hata kama mnunuzi anangojea. Koperative inaweza kungoja siku tatu. Kuzika mtu hakungojewi.

Kale mbili za mbao

Hata freni ikiwa mpya, kale inabaki. Lakini iwe kale ya kweli. Chukua mti mgumu, kata pembe tatu, urefu wa kwenda juu uwe karibu robo ya urefu wa gurudumu. Tengeneza mbili. Toboa tundu, funga kamba ya metre 1 na nusu, mwisho wa kamba ufungwe kwenye karoseri. Kamba ina kazi mbili: konvoyeri anaivuta bila kuingiza mkono chini ya gurudumu, na kale haiwezi kusahauliwa barabarani kama jiwe. Ukivuka Lualaba kwa bake pale Kindu, freni ya mkono ivutwe, kale zote ziwekwe, na abiria wote washuke.

Kazi ya koperative, si ya shoferi peke yake

Tukisema ukweli, mashoferi wengi wanajua freni imekufa. Wanasema, hakuna anayesikia. Mavuno yanasukuma, mnunuzi anasukuma, na anayekataa kuondoka anaonekana mvivu. Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu kwa mkutano wenu ujao.

Moja: kaye ya motokari. Kila safari shoferi aandike tarehe, mzigo, na neno moja juu ya freni: inashika ama haishiki. Mtu wa pili atie sahihi.

Mbili: kila safari ya kulipwa, kiasi kidogo kiwekwe kando ndani ya kese kwa matengenezo peke yake. Mkutano uamue kiasi, na mtunza pesa akisome mbele ya wote kila mwezi. Tunaweka mbegu kando kabla ya kula mavuno. Motokari nayo iko na mbegu yake.

Tatu: mtu mmoja awe na haki ya kusema "haiondoki", hata prezida akitaka iondoke. Mara nyingi mama anayesimamia depo njo anafaa, maana yeye anaona motokari kila siku na hana haraka ya barabara.

Kabla ya mpunga mpya kuingia depo, peleka pickup kwenye mteremko, tupu, kale zikiwa tayari, na uvute mkono. Ikisogea hata hatua moja, unajua kazi ya Jumamosi ijayo.